Picha ya viza ya mtandaoni: yapigwaje kwa simu hapa Mombasa ikakubaliwa?

Binti_Kibokoni

Assalaam alaykum jamani. Wiki hii nina picha tatu za kutayarisha, zote za maombi ya mtandaoni. Mbili ni za e-viza ya India: moja ya mamangu anayekwenda kwa matibabu, nyingine yangu mimi nitakayemsindikiza. Ya tatu ni ya kaka, ya DS-160, fomu ya kuombea viza ya Marekani.

Mkononi nina faili za studio, zile tunazoziita pasipoti saizi, milimita 35 kwa 45. Fomu zote mbili zataka mraba. Je, zaweza kukatwa zikafaa, au nipige upya? Kama ni kupiga upya nitatumia simu, Android ya kawaida, kamera ya nyuma megapikseli 12. Nisimame umbali gani?

Kuhusu mahali: chumbani kuta ni za kijani, rangi ya mafuta yenye kung'aa. Barazani kuna ukuta mmoja mweupe wa chokaa, na sakafu ni ya saruji nyekundu. Mama huvaa buibui na mtandio mweupe, na miwani haimtoki usoni. Kaka ataka kupigwa na kanzu na kofia. Na hii habari ya kilobaiti 240 yanichanganya, maana picha moja ya simu yangu ni megabaiti 3 na ushei.

Naomba majibu ya hatua kwa hatua, sio "nenda saiba watakusaidia". Shukran.

---

Fundi_Lenzi

Waalaykum salaam dadangu. Nianze na zile za studio, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa mara mbili. Ya Marekani haikatiki ikafaa. Picha ya 35 kwa 45 ndiyo ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya: uso umejaza asilimia 70 hadi 80 ya urefu, yaani milimita 32 hadi 36 toka kidevuni hadi utosini. Marekani wataka mraba wa inchi 2 kwa 2, milimita 51, na ndani yake kichwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69, kipimwe toka chini ya kidevu hadi juu ya nywele. Sasa piga hesabu. Upana wa picha yako ni milimita 35, kwa hiyo mraba mkubwa kabisa utakaoupata ni 35 kwa 35, na kichwa cha milimita 32 kitaujaza kwa asilimia 91. Ukiongeza weupe pembeni kwa programu, mabega yatakatika wima kama ya sanamu, na hiyo tayari ni picha iliyochezewa. Njia moja tu iliyobaki kule studio ni kuwaomba faili asilia, lile la kabla ya kukatwa. Kamera huwa imechukua eneo pana zaidi, na kama hawajalifuta, waweza kulikata upya.

India hawaorodheshi asilimia hizo kwa ombi la mtandaoni. Wataka urefu na upana viwe sawa, kichwa kizima kionekane toka juu ya nywele hadi kidevuni na kikae katikati, macho wazi, bila miwani, nyuma pawe peupe au rangi nyepesi isiyo na pambo, na pasiwe na fremu wala vivuli. Kwa hiyo piga zote tatu kwa kipimo cha Marekani. Itakayopita kwa Marekani itapita na India.

Umbali. Watu husogea karibu kwa kudhani uso ndio utaonekana vizuri. Kamera ya nyuma ya simu ina lenzi pana. Ukiwa sentimita 50 na mtu, pua inakuwa karibu sana na lenzi kuliko masikio, basi pua inavimba na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Sura inayotoka si ya mwenyewe. Rudi nyuma ufike mita 1.2 hadi 1.5. Ukienda mbali zaidi ya hapo, upungufu ni wa pikseli: kwa kamera ya megapikseli 12, simu ikiwa wima, kichwa cha mtu mzima aliye mita 1.5 hupata takriban pikseli 480, na ukikata mraba ili kichwa kiwe asilimia 60, mraba unakuwa kama pikseli 800. Hiyo ni nzuri mno. Kwa mita 2 mraba huo huo unashuka karibu na 600, na 600 ndiyo sakafu ya Marekani, chini yake hawapokei. Kama simu ina lenzi ya pili ya mara 2, itumie na urudi hadi mita 2, sura itatulia zaidi. Lakini zumu ya kuvuta kwa vidole kwenye simu isiyo na lenzi hiyo haikupi kitu. Ni kukata tu, na kukata utafanya mwenyewe baadaye kwa utulivu.

Kamera ya mbele iache. Mkono ulionyooshwa hupandisha bega moja, na simu nyingi hulainisha ngozi kwa kamera hiyo bila kuulizwa. Msaidizi ashike simu kwa kimo cha macho ya anayepigwa, sio cha macho yake yeye. Akiwa mrefu apige magoti. Simu ikiwa juu kidevu kinapotea, ikiwa chini matundu ya pua yanatangulia.

Mwanga ndio wenye maneno mengi. Ukuta wa chokaa wa barazani chagua huo, uachane na wa kijani: rangi ya mafuta hung'aa, na ukijani wake hupaka mashavu. Ila tahadhari na ile sakafu nyekundu. Saruji nyekundu hurusha wekundu kwenda juu, shingoni na chini ya kidevu, na jicho halioni mpaka uifungue picha kwenye kompyuta. Tandika shuka jeupe sakafuni mbele ya anayepigwa. Utakuwa umeua ndege wawili, kwa sababu shuka hilo hilo litarusha mwanga laini na kujaza kivuli cha chini ya kidevu. Kwa mama mwenye buibui jeusi hilo ni la lazima, maana nguo nyeusi hunyonya mwanga wote na kuacha shingo na kidevu gizani. Kama halitoshi, mpe karatasi ya manila nyeupe aishike kifuani kwa mlalo, chini kidogo ya mahali picha itakapokatwa.

Saa: jua la huku, digrii 4 tu kusini ya ikweta, saa sita mchana liko karibu utosini. Matundu ya macho yanakuwa mashimo meusi, na pua inaweka masharubu yasiyokuwepo. Piga kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, au saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu jioni, kwenye kivuli kizima, mbingu ikiwa wazi mbele ya uso. Baraza likielekea mashariki, chagua jioni. Likielekea magharibi, asubuhi. Jua lisiguse ukuta wala uso. Mstari mmoja wa jua begani unatosha kuharibu kazi. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale tazama pia nyumba ya ng'ambo imepakwa rangi gani, kwa sababu ukuta wa manjano ulio mita 3 mbele yako ndiyo taa yako.

Anayepigwa asiegemee ukuta. Aache nusu mita hadi mita moja. Akiegemea, kivuli cha sikio na cha mtandio kinajichora nyuma yake. Akienda mbali mno ukuta unafifia na kuwa wa kijivu.

La mwisho kwangu, na hili halisemwi sana: kamera hudanganywa na ukuta mweupe. Inaona weupe mwingi, inadhani pamezidi mwanga, inapunguza, na uso wenye ngozi nyeusi unakuwa doa. Gusa usoni kwenye kioo cha simu, kisha pandisha kile kialama cha jua kidogo mpaka mashavu na mipaka ya pua vionekane vizuri. Simu inayoonyesha namba, anza na +0.3, usipite +0.7. Ukizidisha, ukuta unakula mabega na paji la uso linaanza kupauka. Flashi zima. Hali ya urembo zima. Ile hali inayofifiza nyuma ya mtu zima pia, maana hula kingo za masikio na mtandio.

---

Bi_Mitandio

Fundi kamaliza ya kamera, mimi nimalizie ya mavazi.

Mtandio mweupe wa mama hapana, mwanangu. Ukuta mweupe na mtandio mweupe, kichwa kinayeyuka. Mtazamaji haoni kichwa kimeishia wapi, na mashine nayo haioni. Mvike wa buluu nzito, kahawia au zambarau, wa pamba usiong'aa. Satini hurudisha mwanga kama kioo. Mweusi wafaa, lakini kwa mtu mwenye uso mweusi mtandio mweusi hufanya kivuli cha kipajini kisitambulikane, kwa hiyo ukiwa na rangi nyingine chukua hiyo.

Namna ya kufunga: upindo urudi nyuma mpaka mstari wa nywele, paji la uso lote liwe wazi. Pembeni mashavu yaonekane yote mpaka ukingo wa uso, na kidevu kisizame ndani ya kitambaa. Tatizo kubwa ni kivuli cha upindo. Ukisogea mbele hata sentimita moja tu, unaweka mstari wa giza juu ya nyusi. Bana kwa pini kwa nyuma, pasionekane pini wala mkunjo mkubwa. Marekani huruhusu kufunika kichwa kwa sababu ya dini kwa mtu anayevaa hivyo kila siku mbele za watu, sharti uso mzima uonekane na kitambaa kisitie kivuli usoni. Wavaao nikabu sharti waivue kwa picha, hakuna mlango wa pembeni. Hapo ndipo kupiga nyumbani kunapofaa kuliko studio, mpigaji awe mwanamke wa mle mle ndani.

Kaka avue kofia. Kofia ya kiua ni heshima yetu lakini picha hii haina nafasi yake, isipokuwa kwa anayefunika kichwa kila siku kwa ajili ya dini. Kanzu nyeupe nayo inafanya yale yale ya mtandio mweupe, kichwa kinaelea hewani. Avae shati lenye rangi na kola. Mradi lisiwe sare ya kazi, kwa sababu Marekani hukataa sare. Walinzi, mabaharia na wafanyakazi wa hoteli walisikie hilo.

Miwani ivuliwe na wote. Marekani wameipiga marufuku katika picha za viza tangu tarehe 1 Novemba 2016, isipokuwa kwa sababu ya matibabu yenye barua iliyotiwa sahihi na daktari. India pia wasema bila miwani. Mama akiivua, mpe dakika kumi kabla ya kupiga, alama za puani zipungue, na macho yazoee. Asiyeona vizuri hukunja uso akitafuta lenzi, basi mwambie aangalie sauti yako, si simu, nawe uwe nyuma ya simu hasa.

Jasho sasa. Miezi ya kaskazi uso hung'aa hata kivulini, na madoa meupe kipajini na puani huhesabiwa kama mwanga uliozidi. Tishu kavu, gandamiza usisugue, kisha poda kidogo isiyo na chembe za kung'aa. Asubuhi hiyo asipakwe mafuta ya nazi usoni. Feni iwake kati ya picha na picha, izimwe wakati wa kupiga, la sivyo mtandio hautulii.

Kipini cha pua hakina ubaya maadamu hakimuliki. Wanja wa kila siku sawa. Mdomo ufungwe, asitabasamu kwa meno, macho yote mawili wazi. Earphone za kichwani na vitu vya kunasa sauti vitoke.

---

Saiba_MwembeTayari

Nachukua la faili, na simkatazi mtu kuja saiba, ila kwa kweli hili laweza kufanyika nyumbani.

Marekani: faili liwe JPEG, la rangi, mraba, pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, lisizidi kilobaiti 240. Watu huishia hapo. Kuna sharti jingine chini yake: faili lisibanwe kupita uwiano wa 20 kwa 1. Maana yake picha isibanwe mpaka uso ukawa na vigae. Hesabu yake ni rahisi, zidisha pikseli za urefu kwa za upana, zidisha kwa 3, gawanya kwa 20. Kwa 600 kwa 600 unapata baiti 54,000, kwa hiyo faili liwe kati ya kilobaiti 54 na 240, nafasi tele. Kwa 800 kwa 800 ni kati ya 96 na 240. Lakini kwa 1200 kwa 1200 inatoka 216,000, yaani una kidirisha cha kilobaiti 24 tu cha kuingia. Ndiyo maana wanaong'ang'ania ukubwa wa juu kabisa wakidhani ni ubora, wanahangaika. Chukua 800, au 600 basi.

Utaratibu ni huu na usiugeuze: kwanza kata mraba, kisha punguza pikseli, mwisho hifadhi kama JPEG kwa ubora wa 85 hadi 90. Hifadhi mara moja tu. Kila ukifungua na kuhifadhi tena JPEG, inapoteza kidogo. Faili asilia la megabaiti 3 liweke kando usiliguse, ukikosea urudi kwalo.

Kukata: macho yawe kati ya asilimia 56 na 69 ya urefu wa picha, ukihesabu kutoka chini. Katika mraba wa 800, hiyo ni pikseli 448 hadi 552 toka chini, na kichwa kizima kiwe na pikseli 400 hadi 552. Lenga macho kwenye 490 na kichwa kwenye 470 hivi, hapo uko katikati ya mipaka yote miwili. Wasiotaka hesabu, tovuti ya travel.state.gov ina chombo cha bure cha kukatia chenye umbo la kichwa lililochorwa. Unapanga uso ndani yake, kinakupa faili la 600 kwa 600. Hicho ni mkasi tu. Hakikuambii kama kuna kivuli wala kama miwani imebaki.

Namna ya kuihamisha picha kutoka simuni imeharibia watu wengi. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupunguzwa pikseli kabla hata hujaikata. Uso uliokuwa na pikseli 480 waweza kushuka chini ya nusu. Itume kama hati, au tumia waya, au barua pepe. Na wenye iPhone: simu huhifadhi kwa HEIC, muundo mwingine wa faili la picha, na fomu haziikubali. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, uchague ule unaokubaliana na vyombo vingi, ndipo upige. Kubadilisha jina la faili mwishoni likasomeka jpg hakulifanyi kuwa JPEG.

India: JPEG, mraba, kuanzia kilobaiti 10 hadi megabaiti 1. Ile ile ya 800 inaingia bila kuguswa. Kinachokwama India mara nyingi si picha, ni ukurasa wa pasipoti, maana huo wautaka uwe PDF ya kilobaiti 10 hadi 300, na skana za simu hutoa megabaiti 2. Skani kwa nukta 150 kwa inchi, utashuka. Na wewe dadangu unayemsindikiza mama, ombi lako ni la aina yake, la msindikizaji wa mgonjwa. Huruhusiwa hadi wawili kwa mgonjwa mmoja, na kila mmoja anapakia picha yake. Hakikisha anwani ya tovuti inaishia na gov.in, kwa sababu tovuti za kuiga ni nyingi na hutoza zaidi.

Tayarisha picha kabla ya kufungua DS-160. Fomu ile ukiiacha dakika 20 bila kuigusa, inajifunga. Andika namba ya ombi mahali, hifadhi kila ukurasa.

---

Kijana_wa_Likoni

Mbona mnamchosha dada wa watu? Kuna programu za simu za bure, unapiga popote, hata na ukuta wa kijani, inafuta nyuma inaweka nyeupe, inakata yenyewe, inalainisha na uso. Dakika mbili.

---

Fundi_Lenzi

Kijana, ya kukata yenyewe sikatai. Ya kufuta nyuma na kulainisha uso ndiyo yenye balaa. Marekani wasema wazi picha isibadilishwe wala kuboreshwa kidijitali, na kasoro zake huonekana kwa macho. Tazama picha kama hiyo kwa kuikuza mara nne: nywele za kipilipili zimenyolewa ukingoni kama kwa mkasi, sikio moja limeng'atwa, na kuzunguka mtandio kuna uzi wa kijani wa ukuta wa zamani. Halafu ule ukijani uliorushwa na ukuta kwenye shavu programu haiuondoi. Nyuma pamekuwa theluji, shavu limebaki la mgomba.

Kulainisha uso ni kubaya zaidi. Makovu, chunjua, mikunjo ya macho, hivyo ndivyo vinavyomtambulisha mtu. Ukifika India wanakuchukua alama za vidole na uso pale uhamiaji.

Asiye na ukuta mweupe atundike shuka. Liwe zito, limepigwa pasi, limevutwa kwa pembe zote nne kwa vibanio hadi lisibaki mkunjo. Shuka la maua hata yakiwa hafifu halifai. Leso hata usifikirie.

---

Binti_Kibokoni

Mwenyezi Mungu awalipe. Yamebaki mawili. Mama hawezi kukaa wima muda mrefu, mgongo wamsumbua, na pengine siku hiyo atakuwa amelala. Na kaka aambiwa abebe picha ya karatasi siku ya mahojiano. Ichapwe vipi?

---

Bi_Mitandio

Mama alale chali karibu na dirisha, juu ya shuka jeupe lisilo na mikunjo, bila mto. Mto hubonyea kandokando na kutia vivuli vya duara. Chini ya shuka weka taulo lililokunjwa mara mbili, kichwa kiinuke kidogo tu, kidevu kisianguke. Dirisha liwe upande wa kichwani au ubavuni, na upande wa pili msimamishe mtu na manila nyeupe kurudisha mwanga. Taa ya chumba izimwe, kwa sababu balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, nusu ya uso inakuwa dhahabu na nusu buluu, na hakuna wa kuitengeneza. Mpigaji asimame juu ya stuli imara, simu iwe sambamba kabisa na uso. Kivuli cha mpigaji mwenyewe ndicho cha kuchunga: asisimame kati ya dirisha na mama. Mtandio ufungwe upya akiwa amelala, usifungwe kabla, maana ukilala unajivuta nyuma masikioni.

Njia hiyo hiyo ndiyo ya watoto wachanga, mkono wa mtu usionekane.

Piga kama ishirini kwa mfululizo. Mgonjwa hufumba macho, na ishirini hutoa mbili za kutumika.

---

Saiba_MwembeTayari

Ya karatasi: milimita 51 kwa 51, karatasi ya picha, si ya kawaida. Pikseli 600 kwa nukta 300 kwa inchi ni inchi 2 kamili, kwa hiyo faili lake lile lile la 600 linatosha (la 800 ni kwa nukta 400). Karatasi ya inchi 4 kwa 6 huingia mbili na ukingo ukabaki. Mwambie mchapaji achape kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ijaze karatasi mpaka ukingoni, kwa sababu mashine za kuchapa bila ukingo hukuza picha kidogo na kichwa kinaweza kupita kipimo. Akishakupa, chukua rula. Picha nzima 51, kichwa kati ya milimita 25 na 35. Kisipofika au kikizidi arudie pale pale kaunta.

Akishapakia kwenye DS-160 kuna kitufe cha kuijaribu picha. Ikipita pale, haimaanishi imekubaliwa kabisa. Afisa wa ubalozi ndiye mwenye neno la mwisho, na jicho lake huona kivuli ambacho mashine imekipuuza. Ikikataa kupanda kabisa, fomu humruhusu kuendelea bila picha. Aangalie ukurasa wa uthibitisho: panapokaa picha pakiwa na alama ya X, hiyo ya karatasi ni lazima aibebe. Na asipige picha ya karatasi kwa simu kuirudisha mtandaoni. Inatoka na mng'ao na kingo zilizopinda. Kama hana budi, aiskani ile ya inchi 2 kwa nukta 300.

Nimesahau moja, picha iwe ya ndani ya miezi 6. Kaka akiwa na ndevu sasa na kwenye pasipoti hana, si hoja, apigwe alivyo leo.

---

Fundi_Lenzi

Nyongeza kwa wapigao msimu wa masika, mwezi wa nne na wa tano: wingu zito ni mwanga mzuri, laini, hauna vivuli vikali, ila ni mchache. Simu inapunguza kasi na picha inatikisika. Weka simu juu ya kitu, rafu ya vitabu au stendi, tumia kipima muda cha sekunde 3, na anayepigwa ashushe pumzi atulie. Halafu kuza picha mpaka uone kope moja moja. Zisipohesabika, rudia.